Polepole tuokoe mafuta, ama haraka tuokoe muda? Uzi kuhusu mjadala wa mwendo barabarani

1/ Kila tarehe 14 ya mwezi Wakenya tunafanya kitu kimoja: tunasubiri EPRA watoe bei mpya za mafuta. Zikipanda, mjadala unaanza kabla hata hatujalala. Mmoja anasema kodi zipunguzwe. Mwingine anasema ni bei ya dunia, tuvumilie. Halafu anatokea wa tatu, kwa redio ama kwa jukwaa, anasema: wananchi wajifunze kuendesha polepole, mafuta yatatosha. Huyu wa tatu huwa anachekwa tu, hajibiwi. Leo tumjibu vizuri.

2/ Sheria za hapa ni zile zile. Hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Tunachukua hoja, tunaifungua, tunaangalia ndani kuna nini. Mimi si fundi wa magari, nasoma siasa. Lakini hili jambo la mwendo lina siasa ndani kuliko watu wanavyodhani. Uzi ni mrefu kidogo, chukua chai.

3/ Kila upande una methali yake. Wa polepole wanakwambia haraka haraka haina baraka. Wa haraka wanakujibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali zikigongana hivyo hakuna anayeshinda, kwa hivyo tuanze na kitu kisicho na chama wala kabila: hewa.

4/ Gari likiwa mwendo wa chini, mafuta mengi yanaenda kuzungusha injini yenyewe na kushindana na uzito na msuguano wa tairi. Mwendo ukipanda, adui mkubwa anakuwa hewa iliyo mbele yako. Na hewa haikuzuii kwa kadiri ya mwendo, inakuzuia kwa mraba wa mwendo. Toka 80 uende 110: mwendo umepanda kwa asilimia kama 37, lakini ukinzani wa hewa umekaribia kuwa mara mbili.

5/ Hiyo haimaanishi utachoma mafuta mara mbili, maana injini na tairi bado zina fungu lao. Lakini kwa magari mengi, ukishapita 80 hivi, mafuta kwa kila kilomita yanaanza kupanda vibaya. Gari la umbo la sanduku, kama matatu ama lori, linaumia zaidi. Na ukiweka keria juu na magunia, ndio kabisa, unasukuma ukuta.

6/ Kwa hivyo upande wa polepole hawadanganyi. Sasa tupige hesabu. Hizi ni namba za mfano, badilisha uweke za gari lako. Tuseme una gari dogo linalokunywa lita 6 kwa kilomita 100 ukiwa 80, na lita 7.5 ukiwa 110. Tuseme lita ni shilingi 180. Na tuseme una kilomita 40 za Thika Superhighway, barabara wazi, Jumapili asubuhi, watu wako kanisani.

7/ Ukiwa 80: dakika 30, lita 2.4. Ukiwa 110: dakika 22 hivi, lita 3. Tofauti ni dakika 8 na shilingi 108. Yaani umenunua kila dakika kwa kama bob 13. Ni ghali ama ni rahisi? Inategemea wewe ni nani. Wakili anayelipwa maelfu kwa saa ameokota pesa njiani. Mtu wa kibarua anayepata mia saba kwa siku amechoma zaidi ya saa nzima ya jasho lake ili afike mapema kidogo.

8/ Hapo ndipo siasa inaanzia. Mtu akisimama aseme "wakati ni mali", muulize wakati wa nani. Wakati wetu hauna bei moja, na anayeongea kwenye mkutano mara nyingi ni yule ambaye wake ni ghali. Tena wengine wanafunguliwa njia kwa king'ora na mafuta si ya mfuko wao. Hapo hesabu ya bob 13 kwa dakika haipo kabisa.

9/ Lakini ngoja, zile dakika 8 bado hatujaziweka mfukoni. Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatatu saa moja asubuhi unatoka Juja ukikanyaga, unapita kila mtu Ruiru, unajiona shujaa. Ukifika Githurai mwendo unaanza kukatika. Ukifika Muthaiga na Pangani, umesimama. Dakika tano baadaye yule mzee uliyempita Ruiru akiwa 80 anakuja anasimama nyuma yako, magari matatu tu. Dakika ulizonunua zimemezwa na foleni, na mafuta yashachomeka.

10/ Hii ni hoja ambayo sijawahi kusikia kwa mdahalo wowote. Kukimbia kunakupa muda tu kama mwisho wa barabara kuko wazi. Kama mwisho kuna mlango mwembamba, kukimbia kunakupa nafasi ya mbele kidogo kwenye foleni. Kumbuka hayo maneno, nafasi kwenye foleni. Tutayarudia tukifika kwa matatu.

11/ Sasa angalia Nairobi Expressway. Ilifunguliwa 2022, kilomita 27, Mlolongo hadi Westlands. Ni barabara ya kulipia, na mwaka 2024 ada ya gari dogo kwa safari nzima ilipandishwa hadi shilingi 500. Na mwendo unaoruhusiwa pale juu ni ngapi? 80. Watu wanalipa mia tano ili waende 80! Wanachonunua ni kutosimama.

12/ Hapo ndipo "polepole ama haraka" inaanza kuonekana swali lililoulizwa vibaya. Kinachokula mafuta na muda kwa pamoja ni simama-ondoka. Ukikanyaga umenunua mwendo kwa mafuta. Ukikanyaga breki umeutupa. Unanunua tena. Unatupa tena. Na ukiwa umesimama injini inaunguruma, unalipia kuwa pale pale. Kutambaa kwa 15 kwenye jamu ni polepole, lakini hakuna mafuta unayookoa. 80 iliyotulia, bila breki, ndiyo inayookoa.

13/ Niwe wa haki kwa upande wa haraka pia. Hoja yao nzuri haihusu kijana mwenye Subaru ya kelele. Ni hii: tulikopa, tukajenga barabara pana, Thika Superhighway ikazinduliwa 2012, ili mtu aweze kuishi Juja na kufanya kazi mjini, mboga zifike sokoni kabla hazijanyauka, na mgonjwa afike hospitali kubwa. Ukiwaambia watu wote wajivute, unawarudisha mbali na mji tena. Hiyo hoja ina uzito.

14/ Lakini hizi hoja zote mbili zinaongea kama dereva ni mtu mmoja mwenye gari lake, mafuta yake na saa yake. Wengi wetu hatuna gari. Tunapanda matatu. Sasa nikujulishe kwa Anko.

15/ Anko ni mjomba wangu, ndugu mdogo wa mama. Anaendesha matatu ya watu kumi na wanne kati ya Thika na Nairobi. Muhula wangu wa kwanza chuoni ni yeye alinilipia nyumba. Nikiwa na nafasi napanda gari yake, nakaa mbele, naongea na yeye. Siku moja, bei zikiwa zimepanda, nikamuuliza: "Anko, kwa nini usiende tu 80? Ndiyo sheria, na utaokoa mafuta." Akacheka. Akasema, "Hebu nijaribu wiki moja, halafu tuhesabu na wewe."

16/ Kwanza ujue pesa ya matatu inavyotembea. Jioni mwenye gari anataka hesabu yake, kiasi kile kile kila siku, mvua inyeshe ama jua liwake. Mafuta yananunuliwa na Anko kutoka kwa nauli za siku. Kuna pesa za sacco, kuna za steji, na kuna zile za barabarani ambazo kila mtu anazijua na hakuna anayezitaja. Kinachobaki anagawana na makanga wake. Ikibaki mia tatu, ni hiyo mia tatu. Hana mshahara.

17/ Jumatatu hadi Ijumaa akaenda 80. Mafuta kweli yalishuka: kwa hesabu yake kama lita tatu kwa siku, yaani zaidi ya mia tano. Mimi nikafurahi, nikaona nimemsaidia. Halafu akaniambia upande wa pili. Alikuwa anafika Juja anakuta gari iliyotoka nyuma yake ishabeba watu. Akifika Ruiru, hivyo hivyo. Anaingia mjini na viti vitatu vitupu. Kwa steji anakuta foleni mbele yake imekuwa ndefu. Kufikia jioni amepoteza tripu moja.

18/ Tripu moja ni viti kumi na vinne. Nauli ikiwa mia, hiyo ni elfu moja mia nne. Ameokoa mia tano, amepoteza elfu moja mia nne na viti vitupu juu yake. Ijumaa alilipa hesabu ya mwenye gari, akajaza mafuta ya kesho, akabaki na pesa ya unga na sukuma. Jumatatu iliyofuata alirudi kukanyaga. Na sikuwa na la kumwambia.

19/ Ona kilichotokea. Anko hakimbii ili kuokoa muda. Abiria wengine wangependa hata apunguze. Anakimbia ili asipitwe. Anachotafuta ni nafasi kwenye foleni, ile ya Pangani, tofauti ni kwamba hapa nafasi ni pesa ya chakula. Na yule anayemkimbia naye anakimbia kwa sababu Anko anakimbia.

20/ Darasani hili linaitwa tatizo la hatua ya pamoja. Matatu zote zikienda 80, hakuna aliyepoteza nafasi: abiria wa Juja ni wale wale, watagawanywa vile vile, na kila mtu ameokoa lita tatu. Zote zikikimbia, abiria bado ni wale wale, na kila mtu amechoma lita tatu za ziada. Lakini mmoja akipunguza peke yake, ndiye anayelia. Kwa hivyo kila mmoja akifanya jambo la busara kwake, wote wanaishia pabaya.

21/ Kwa tatizo kama hili, kuhubiri hakusaidii. "Madereva wawe na nidhamu." "Wananchi wabadili tabia." Anko ana nidhamu, alijaribu wiki nzima, ikamgharimu. Kinachosaidia ni kanuni inayowafunga wote siku moja. Na Kenya tulishawahi kufanya hivyo.

22/ Wale wakubwa wanakumbuka 2004. Kanuni za matatu zilizotangazwa 2003 zikaanza kutekelezwa Februari 2004: spidi gavana ya 80, mishipi kwa kila kiti, idadi ya abiria mwisho kumi na wanne, mstari wa manjano, sare za madereva na makanga. Magari yaliegeshwa, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini siku kadhaa, kelele zikawa nyingi. Lakini ilishika. Mamangu husema kwa mara ya kwanza alipanda matatu akalala usingizi.

23/ Ilishika kwa sababu ilikuwa ya wote kwa wakati mmoja. Dereva aliyefunga gavana hakuwa mjinga kuliko mwenzake. Lakini kanuni kama hiyo inaishi kwa imani kwamba mwenzako naye ameshikwa. Siku unapoona gari moja imefungua gavana na askari ameangalia kando, wewe unafungua kesho. Nikamuuliza Anko kama yake ina gavana. "Iko," akasema. "Ni ya kuonyeshwa ukaguzi."

24/ Kwa lori za Mombasa Road hesabu ni nyingine kidogo. Pale mara nyingi mafuta ni ya mwenye lori, na dereva analipwa kwa safari. Anayekanyaga halipi mafuta, anayelipa mafuta hakanyagi. Ndiyo maana wenye lori wanafunga vifaa vya kufuatilia mwendo na tangi. Sheria inasema 80 kwa lori, mabasi na matatu. Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Kwa 80 ni saa 6, kwa 100 ni saa 4 na dakika 48, kama barabara ingekuwa wazi njia yote, na unajua haiwi.

25/ Kufikia sasa tumeongea juu ya walio ndani ya gari. Kuna mlipaji mwingine, na huyu hajaingia gari lolote. Nikiwa mwaka wa pili, msichana wa darasa letu aligongwa akivuka barabara kuu karibu na chuo, saa moja usiku. Daraja la kuvukia lilikuwa mbali, na akachukua njia ya karibu kama sisi wote tulivyokuwa tukifanya. Hakufika hospitali. Kiti chake kilibaki wazi hadi mwisho wa muhula, hakuna aliyetaka kukikalia.

26/ Ukiwa 80 unaenda mita 22 kila sekunde. Ukiwa 110 ni kama mita 31. Kabla mguu haujafika kwenye breki, ushapita mita tisa zaidi, na baada ya hapo umbali wa kusimama nao unaongezeka kwa mraba, ile hesabu ya hewa. Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali zenye vifo inapanda kwa kama asilimia 4. Kenya tunapoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka barabarani, na watembea kwa miguu ni sehemu kubwa sana ya hao.

27/ Na nchi nyingine? Marekani, baada ya nchi za Kiarabu kufunga mafuta Oktoba 1973, mwaka 1974 waliweka kikomo cha maili 55 kwa saa nchi nzima, kama kilomita 88. Lengo lilikuwa mafuta. Akiba ikawa ndogo kuliko ilivyotarajiwa, lakini vifo vya barabarani vilishuka kutoka zaidi ya 54,000 mwaka 1973 hadi kama 45,000 mwaka 1974, ingawa sehemu ya hiyo ni kwa sababu watu walisafiri kidogo. Madereva waliichukia. Ikalegezwa 1987, ikafutwa 1995.

28/ Ujerumani wakati ule ule waliweka 100 kwenye barabara zao kuu, Novemba 1973 hadi Machi 1974. Ikatoka kelele kubwa, chama cha wenye magari kikidai raia huru aachiwe njia huru. Mpaka leo barabara hizo hazina kikomo cha jumla, ni ushauri wa 130 tu, na mjadala unarudi kila uchaguzi. Hispania Machi 2011, mafuta yakipanda, walishuka kutoka 120 hadi 110. Kufikia Julai mosi wamerudisha.

29/ Ninachoona kwa hizo nchi tatu: sababu ya mafuta haidumu. Bei ikishuka, watu wanauliza kwa nini bado tunajivuta, na mwanasiasa hana jibu. Sababu ya uhai inabaki, lakini haikuwa ndiyo iliyotajwa mwanzoni. Kwa hivyo yeyote anayekuuzia mwendo mdogo kwa bei ya petroli peke yake amekuuzia hoja itakayooza.

30/ Tena angalia mfuko wa serikali. Kila lita unayonunua ina ada ya matengenezo ya barabara, iliyopandishwa Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25. VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023. Pesa hizo zinaingia kwa kila lita inayochomwa, hata ile iliyochomwa Pangani ukiwa umesimama. Sisemi kuna mtu anapanga njama. Nasema serikali inayokuomba uokoe mafuta ndiyo hiyo hiyo inayopata pungufu ukiokoa, kwa hivyo usitegemee iwe na bidii sana.

31/ Haya, maswali matatu niliyoyapata kwa hii safari. Mtu akisema "tuendeshe polepole" ama "tuachiwe tukimbie", muulize:
Moja, nani anakanyaga, na mafuta ni ya nani?
Mbili, muda unaookolewa ni wa nani, na unafika nao wapi, mjini ama kwenye foleni?
Tatu, ni nani analipa akiwa nje ya gari, na je, aliulizwa?

32/ Jibu langu, na unaweza kukataa: mwenye gari lake kwenye barabara wazi, hesabu yake anaijua, sheria iheshimiwe na maisha yaendelee. Lakini kwa matatu na lori, ile 80 tayari iko kwa sheria. Hatuhitaji sheria mpya wala mahubiri. Tunahitaji ishike kila gari siku moja, pamoja na za wakubwa, na malipo ya dereva yasiwe ni mabaki ya jioni. Dereva akiwa na mshahara, hana haja ya kugombania abiria wa Juja.

33/ Najua kuna atakayesema mshahara utapandisha nauli. Inawezekana. Basi tujadili hiyo, ni mjadala halali wenye namba. Pia kuna atakayesema tupanue Pangani kwanza ndipo tuongee mwendo. Hiyo nayo ni hoja. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba bei ya mafuta itatatuliwa na mguu wa Anko peke yake.

34/ Nilimsomea huu uzi kabla ya kuuweka hapa. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Andika pia kwamba nilipenda ile wiki." Nikamuuliza kwa nini. "Mgongo haukuuma," akasema. "Na jioni nilikuwa nafika nyumbani bila hasira." Halafu akaniuliza ile kanuni ya kushika wote siku moja itaanza lini, nami nikamwambia sijui, Anko.

35/ Kama kwenu kuna dere wa matatu, lori ama bodaboda, muulize hesabu yake ya siku inavyokatwa, uniwekee hapa chini. Usitaje jina la sacco wala la mwenye gari. Wenye magari pia, pimeni tangi wiki moja kwa 80 na wiki moja kwa mwendo wenu wa kawaida, mtuambie. Uzi ujao: kwa nini kila kampeni huahidi barabara na hakuna anayeahidi njia ya miguu.